Inveta zinayumba jua likiwa kali: tuongeze kasi ya udhibiti au kapasita?

*"Shikamoo mhandisi. Nasimamia uendeshaji wa mtambo wa umeme wa jua wa megawati 10. Tuna inveta 100 (vigeuzi vya umeme wa paneli kuwa umeme wa gridi) za kilowati 100 kila moja, na tunapeleka umeme kwa laini ya kV 33 yenye urefu wa kilomita 60 hivi hadi kituo cha kupoza umeme. Jirani yetu kuna mradi wa maji wenye pampu ya mota ya kilowati 400. Pampu ikiwashwa volteji inashuka kidogo, na baadhi ya inveta zetu zinatripu, yaani zinajizima. Miezi michache iliyopita alikuja fundi wa waliotuuzia mitambo, akaongeza kasi ya PLL, ile sehemu ya udhibiti inayoifanya inveta ifuate mdundo wa gridi, ili inveta ziitikie haraka. Kutripu kwa asubuhi kumepungua kweli. Ila sasa mchana, tukivuka megawati 8, taa ya kibanda cha mlinzi inapepesa na mita za volteji zinacheza. SCADA, kompyuta ya kufuatilia mtambo, haionyeshi kitu. Mwenzangu mmoja anasema tuongeze kasi zaidi, pamoja na geini ya mkondo, yaani ukali wa kuurekebisha mkondo. Mwingine anasema dawa ni kuongeza kapasita za upande wa DC, yaani upande wa paneli. Nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ninayo. Tushike lipi?"*

Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya yote: hiyo nywila usiitumie bado. Nitakueleza sababu, na nitakueleza pia kwa nini ushauri wote wawili uliopewa, pamoja na nia njema ya waliokupa, unaweza kukuzidishia tatizo.

Unachotaka ni inveta inayopokea mshtuko, iwe pampu kuwaka, wingu kupita au hitilafu kwenye laini ya jirani, kisha irudi kwenye hali yake upesi bila kutripu na bila kuyumba. Hapo pana mambo mawili, upesi na utulivu, na wengi wetu tukisikia mwitikio mzuri tunafikiria la kwanza tu. Kwenye benchi la karakana, ambako umeme ni imara, mambo hayo mawili huenda pamoja. Mwisho wa laini ya kilomita 60 yanavutana, na wewe upo katikati ya mvutano huo sasa hivi.

Umeandika jambo moja ambalo lina thamani kuliko namba zote za SCADA: tatizo huanza mkivuka megawati 8. Kifaa kibovu hakisubiri saa sita mchana. Kapasita iliyochoka au waya uliolegea ungekusumbua asubuhi, jioni na siku ya mawingu vilevile. Kinachokuja na kuondoka kulingana na kiasi cha umeme mnaopeleka ni uhusiano kati ya inveta zenu na laini. Taa ya mlinzi nayo ni kipimo kizuri kuliko inavyoonekana, kwa sababu jicho la mtu huhisi zaidi mwanga unaopepesa mara 8 au 9 kwa sekunde. SCADA inayochukua kipimo kimoja kila sekunde haiwezi kuliona wimbi la namna hiyo hata ikikesha. Kwa hiyo mlinzi wako anaona kitu cha kweli, na kompyuta ya chumba cha udhibiti ndiyo isiyoona.

Tuipime laini yenyewe, kwa makadirio. Laini nyingi za kV 33 za umbali huo huvutwa kwa waya wa alumini wenye chuma ndani, wa milimita za mraba 150. Waya huo una ukinzani wa omu 0.18 hivi kwa kilomita, na riaktansi, ukinzani unaotokana na umeme wa mawimbi, ya omu 0.36 hivi. Kwa kilomita 60 unapata omu 10.8 na omu 21.6. Ongeza transfoma ya kituo cha kupoza. Nikichukulia ni ya MVA 20 yenye impidansi (ukinzani na riaktansi kwa pamoja) ya asilimia 10, inakuletea omu 5.4 nyingine za riaktansi. Ukinzani na riaktansi havijumlishwi moja kwa moja bali kwa kanuni ya Pithagora, kwa hiyo jumla ni kama omu 29. Volteji ya kV 33 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe, kisha ukagawanya kwa omu 29, unapata MVA 37. Hiyo ndiyo nguvu ya shoti mahali mlipo, kipimo cha uimara wa gridi. Igawanye kwa megawati zenu 10 upate 3.7, namba ambayo wahandisi wa gridi wanaiita SCR. Ukihesabu na transfoma zenu wenyewe za kupandishia volteji, zenye asilimia 6 hivi, kwenye maungio ya inveta namba inashuka hadi karibu 3. Kwa mazoea ya kazi yetu, chini ya 3 gridi huhesabiwa dhaifu, na chini ya 2 dhaifu sana. Mmekaa mpakani. Siku ambayo mtalishwa kutoka kituo kingine kilicho umbali wa kilomita 90, hesabu hiyohiyo kabla ya transfoma zenu inashuka hadi karibu 2.6.

Sasa udhaifu huo unafanya nini? Inveta ya kufuata gridi haina volteji yake. Inapima volteji iliyoikuta, inatafuta pembe yake, yaani mahali wimbi lake lilipofika, kwa kitanzi cha udhibiti kinachoitwa PLL, kisha inasukuma mkondo ulioendana na pembe hiyo. Gridi ikiwa imara, volteji unayoipima ni ya gridi kweli: mkondo wako uende utakako, yenyewe haitikisiki. Gridi ikiwa dhaifu, sehemu kubwa ya volteji unayoipima umeitengeneza mwenyewe, kwa mkondo wako ukipita kwenye omu 29 za laini. Mkondo ukibadilika, pembe inahama. PLL inaona pembe imehama, inadhani gridi ndiyo iliyohama, inaifuata. Kwa kuifuata inabadilisha mkondo, na pembe inahama tena. Ni kama mtu aliyesimama kwenye mtumbwi mwembamba: kila anapojirekebisha kwa haraka, mtumbwi nao unahama chini ya miguu yake. PLL ya polepole huacha msukosuko upite kwanza. Ya haraka inaudaka kila mara na kuurudisha kwenye laini ukiwa umekua. Mkondo ukiwa mdogo, kama asubuhi, hiyo duru haina nguvu ya kutosha kujiendesha. Mkivuka megawati 8 inaipata.

Fundi wenu hakukosea kila kitu. Kwa mkondo mdogo, PLL ya haraka huipata pembe mpya mapema pampu inapowaka, na ndiyo maana asubuhi kumetulia. Kama alijaribu inveta moja tu akaona safi, aliona kweli, kwa sababu inveta moja ya kilowati 100 kwenye MVA 37 ina SCR ya 370. Kwake hiyo laini ni gridi imara kabisa. Lakini inveta 100 zinazofanya jambo lilelile kwa wakati mmoja zinagawana laini moja, na kila moja huiona kana kwamba ina impidansi mara 100. Jaribio la inveta moja haliwezi kukuambia lolote kuhusu mchana wa jua kali. Jambo hili ningependa kila anayekabidhiwa mtambo alijue kabla ya kutia saini.

Nije kwenye kapasita, kwa sababu ushauri huu nausikia mara nyingi na unaonekana wa busara. Hoja yake ni kwamba volteji ya gridi ikishuka, inveta inashindwa kupeleka umeme wote, ule wa paneli unarundikana upande wa DC, volteji inapanda, inveta inatripu. Basi weka tangi kubwa zaidi. Tuhesabu. Chukua inveta yenye kapasita za milifaradi 2, inayofanya kazi kwa volti 800 na kuvumilia hadi 1,000. Nafasi iliyopo kati ya hapo ni nusu ya 0.002 mara tofauti ya 1,000,000 na 640,000, yaani jouli 360. Kilowati 100 zikikosa pa kwenda kabisa, jouli 360 zinajaa kwa milisekunde 3.6. Ukiongeza kapasita maradufu umenunua milisekunde 3.6 nyingine, wakati hitilafu ya kawaida kwenye laini ya kV 33 huchukua milisekunde 100 au zaidi kabla relei na swichi hazijaikata, na pampu huchukua sekunde kadhaa kushika kasi. Kapasita haifiki huko. Isitoshe, paneli za jua zina tabia ya kukusaidia: volteji yake ikipanda kuelekea ile ya mzunguko ulio wazi (paneli isipovutwa mkondo wowote), mkondo wake unapungua wenyewe hadi sifuri. Kama mpangilio wa paneli ulifanywa vizuri, kiasi kwamba volteji ya mzunguko wazi asubuhi ya baridi haivuki kikomo cha inveta, upande wa DC unajilinda. Ukitaka kuuboresha, kitanzi cha volteji ya DC kipewe taarifa ya umeme unaoingia kutoka kwenye paneli moja kwa moja, kisingoje volteji ipande ndipo kigundue. Hilo ni jambo la programu, na halihitaji kufungua kabati.

Kuongeza geini ya mkondo kuna hatari ya aina nyingine. Kitanzi cha mkondo ndicho cha ndani kabisa na tayari ni cha haraka. Inveta inayochukua vipimo mara 10,000 kwa sekunde huchelewa takribani maikrosekunde 150 kati ya kupima na kutenda. Kama kitanzi kina kasi ya Hz 500 (mara 500 kwa sekunde), kuchelewa huko kunakula nyuzi 27 za akiba ya utulivu. Ukikipandisha hadi Hz 1,000 kunakula 54, na akiba nzima ya mbunifu mara nyingi ilikuwa kati ya 45 na 60 tu. Juu ya hapo kuna kichujio cha koili na kapasita kilichopo kwenye mdomo wa kila inveta, chenye mlio wake wa asili. Laini ndefu inaushusha mlio huo uje karibu na kasi ya kitanzi. Vikikutana, hutaona taa ikipepesa; utasikia transfoma zikilia kwa sauti nyembamba, na fyuzi za kapasita zitaanza kukatika. Kwa hiyo huko msiende.

Kuna kitu kingine kwenye barua yako kinachonisumbua kuliko kuyumba kwenyewe. Mota ya kilowati 400 ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 6 hivi ya mkondo wake wa kawaida, karibu MVA 2.7 hadi 3. Gawanya kwa 37, unapata mshuko wa volteji wa asilimia 7 au 8. Inveta ya kisasa haina sababu ya kutripu kwa mshuko huo. Basi kwa nini zenu zilikuwa zinatripu hata kabla fundi hajaja? Ama viwango vya kutripu viliwekwa vimebana mno, ama inveta zinapima vibaya katika ule mshtuko wa kwanza.

La pili lilishatokea kwa ukubwa wa kutisha. Tarehe 16 Agosti 2016, moto wa nyika uitwao Blue Cut huko California, Marekani, ulisababisha hitilafu kwenye laini za kV 500, na kwa moja ya hitilafu hizo takribani megawati 1,200 za umeme wa jua zikapotea. Laini zilikatwa na kurudi kama kawaida. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya inveta zilijizima kwa kudhani frikwensi imeanguka chini ya Hz 57, wakati frikwensi ya gridi haikukaribia kabisa kushuka hivyo. Zilikuwa zimesoma ule mruko wa ghafla wa pembe kama mshuko wa frikwensi, na zilikuwa zimeruhusiwa kutripu papo hapo bila kusubiri. Nyingine zilisimamisha umeme kwa sababu volteji ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 90. Sasa fikiria: PLL ya haraka huusoma mruko wa pembe kama frikwensi ya ajabu kwa ukali zaidi kuliko ya polepole. Angalieni kumbukumbu za inveta zilizotripu. Zikisema frikwensi, na frikwensi ya gridi haikusogea, mmeshampata mhusika.

Kuhusu kuyumba, mfano ulio karibu na wenu ni wa Uingereza, tarehe 9 Agosti 2019. Radi ilipiga laini, na mitambo ya upepo ya baharini ya Hornsea, iliyokuwa ikitoa megawati 799, ikashuka hadi 62 kwa muda mfupi sana. Udhibiti wake wa volteji ulikuwa umeanza kuyumba bila kutulia, katika hali ya gridi iliyokuwa dhaifu wakati huo. Yakajumlishwa na mitambo mingine iliyotoka siku hiyo, na zaidi ya wateja milioni moja wakakosa umeme. Dakika kama 10 kabla ya radi, badiliko dogo la volteji la asilimia 2 lilikuwa limesababisha mitambo hiyohiyo kuyumba kidogo na kutulia. Ishara ilikuwepo, ndogo, kama taa yenu. Ninaomba msiizoee.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu hutibika mara nyingi bila kununua chuma chochote. Mwaka 2019 huko Australia, eneo la West Murray, mashamba matano ya umeme wa jua yalipunguzwa hadi nusu ya uwezo wake kwa miezi kadhaa kwa sababu ya kuyumba kwa volteji kwenye gridi dhaifu. Yaliruhusiwa kurudi mwaka 2020 baada ya mipangilio ya inveta kurekebishwa na kujaribiwa. Paneli na laini zilibaki zilezile.

Kama ningekuwa hapo nanyi, ningeanza na kipimo. Relei ya kV 33 kwenye kituo chenu huenda tayari ina uwezo wa kurekodi mawimbi kwa maelfu ya vipimo kwa sekunde. Ni suala la kuiwekea kichochezi ili irekodi volteji ikishuka asilimia 4 au 5, ikihifadhi na sekunde moja ya kabla ya tukio. Wekeni kirekodi cha pili kwenye maungio ya inveta moja iliyo mbali kabisa na transfoma. Kisha waombeni watu wa maji wawaambie saa wanayowasha pampu, mrekodi mara ya asubuhi na mara ya mchana. Wimbi mtakaloliona litawaelekeza. Likiwa la kati ya Hz 5 na 20 hivi, mshukiwa wa kwanza ni PLL, na wa pili ni udhibiti wa volteji. Likiwa la polepole, chini ya Hz 2, tazameni kidhibiti kikuu cha mtambo, kile kinachotuma amri kwa inveta zote, kwa sababu amri zake hupita kwenye mtandao na kuchelewa. Kikijaribu kuwa na haraka sawa na inveta zenyewe, wanaanza kupingana. Likiwa la mamia ya Hz, rudini kwenye kichujio na kitanzi cha mkondo.

Nikikisia kwa maelezo yako tu, tiba yenu itaanzia kwenye PLL. Kama fundi aliipeleka Hz 40 au 50, ningezungumza na mtengenezaji kuhusu kuirudisha kati ya 10 na 15. Hasara yake ni kwamba inveta itachelewa kidogo kuipata pembe mpya pampu ikiwaka, na kwa muda huo itasukuma mkondo usio sawa kabisa. Ni hasara ya makumi ya milisekunde, na inavumilika mradi viwango vya kutripu haviiadhibu inveta kwa hilo. Halafu ningeuliza inveta zinatumia hali gani ya nguvu ya riaktivu, ile inayotumika kupandisha au kushusha volteji. Nyingi huachwa kwenye kipimo kisichobadilika, ambako volteji inabaki yatima mpaka kidhibiti kikuu kiamke. Kwenye gridi dhaifu, inveta ikiruhusiwa kuishika volteji yake yenyewe hapohapo, kwa mteremko (ukali wa kuitikia badiliko la volteji) wa wastani, PLL inapata kitu kilichotulia cha kufuata. Mara nyingi hatua hii huleta utulivu mkubwa kuliko kuhangaika na PLL peke yake. Ila isizidishwe: mteremko mkali mno kwenye laini ndefu unazaa kuyumba kwake wenyewe, ndiyo Hornsea hiyo.

Tatu ni taarifa ya volteji ya gridi ambayo inveta nyingi huipeleka moja kwa moja kwenye amri ya swichi zake za elektroniki ili ziwahi mshuko. Kwenye gridi imara ni msaada mkubwa. Kwenye dhaifu inarudisha volteji ambayo inveta imeitengeneza yenyewe, kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye kichujio, au hupunguzwa.

Na msisahau kinachotokea hitilafu ikiisha. Wakati volteji iko chini, inveta inagonga kikomo chake cha mkondo, na vitanzi vya nje vinaendelea kujikusanyia deni visiloweza kulilipa. Volteji ikirudi, deni lote linamwagwa kwa mkupuo, umeme unaruka kupita kiasi, na mnatripu mkiwa tayari mmeshavuka hatari. Mwulizeni mtengenezaji kama vitanzi hivyo vinasimamishwa inveta ikiwa kwenye kikomo, na kama PLL inagandishwa volteji ikianguka sana. Mwulizeni pia umeme unarudi kwa mwendo gani baada ya hitilafu. Kurudi kwa ghafla kwenye laini kama yenu kunaiangusha volteji tena. Mimi kwa mtambo huu ningependelea urudi ndani ya nusu sekunde hadi sekunde moja, mradi mkataba wenu wa kuunganishwa unaruhusu.

Yakishindikana hayo yote ndipo vifaa vijadiliwe, na cha kwanza kipo kwa jirani. Kiwashio laini kwenye ile pampu kinaweza kuupunguza mkondo wa kuanzia hadi karibu nusu, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na chochote mtakachofunga upande wenu. Kaeni na watu wa maji, hata mkichangia. Mashine ya sinkronasi inayozunguka bila mzigo huongeza nguvu ya shoti kwelikweli; Australia Kusini ilifunga nne, mbili Davenport na mbili Robertstown, zikaanza kazi mwaka 2021. Ni mashine yenye beringi, mafuta na matengenezo ya kila mwaka, na kwa megawati 10 sidhani hesabu ya fedha itakubali. STATCOM, kifaa cha elektroniki cha kushika volteji, hufanya kazi hiyo vizuri, lakini nayo ni kifaa cha jamii ya inveta kinachofuata gridi kwa PLL yake, kwa hiyo msiinunue kwa kudhani inaifanya laini kuwa imara. Betri yenye inveta ya kuunda gridi, inayoshika volteji na pembe yake yenyewe badala ya kufuata, ndiyo inayonivutia zaidi kwa maeneo kama yenu, hasa kama mnafikiria kuuza umeme jioni. Ina kikomo chake: haiwezi kutoa mkondo wa shoti kama jenereta, kwa kawaida inaishia kidogo tu juu ya uwezo wake. Na isimamiwe na mtu aliyeifanya kazi hiyo kabla.

Kwa sasa, wakati mnasubiri vipimo, punguzeni kikomo cha mtambo hadi megawati 7.5 saa za jua kali. Najua ni fedha inayopotea. Ni kidogo kuliko mtakayopoteza inveta 100 zikizima kwa pamoja saa saba mchana, na volteji ikamrukia kila aliye kwenye laini hiyo.

Sasa ile nywila. Viwango vya kutripu ni sehemu ya mkataba wenu na mwenye gridi; ukivibadilisha kimya kimya, hitilafu ikitokea wewe ndiye utakayeulizwa. Mipangilio ya PLL na vitanzi inaweza kufuta dhamana ya inveta. Na kubwa zaidi, badiliko linaloonekana jema asubuhi linaweza kuwa baya mchana, kama mlivyoshuhudia, kwa hiyo lipimwe kwanza kwenye kompyuta. Mfano wa kompyuta uwe ule unaofuata mawimbi yenyewe kwa maikrosekunde, uliojengwa na mtengenezaji kwa programu halisi ya inveta zenu. Mifano ya kawaida ya mipango ya gridi, inayohesabu wastani wa kila mzunguko, ni mizuri kwa kazi nyingine lakini kuyumba kwa aina hii mara nyingi haikuoni.

Kwa hiyo huu si ugonjwa wa kutibiwa kwa barua hadi mwisho. Mwiteni mtengenezaji alete mtu wa udhibiti, siyo wa kufunga waya tu. Mwombeni mwenye gridi nguvu ya shoti ya chini na ya juu mahali mnapoungana, na orodha ya njia zote anazoweza kuwalisha. Msisubiri mtu yeyote, punguzeni umeme hapohapo na mpige simu kituo cha kupoza, mkiona kuyumba kunakua badala ya kubaki palepale, volteji ikipita asilimia 10 juu au chini, transfoma ikibadili sauti, fyuzi za kapasita zikianza kukatika, au majirani wakilalamika kuwa taa zao nazo zinapepesa. Na asifunguliwe kabati la DC na mtu anayetaka kuangalia tu. Jua likiwaka paneli haziwezi kuzimwa, na kapasita hubaki na chaji baada ya swichi kukatwa.

Mkipata rekodi ya pampu ikiwaka asubuhi na nyingine mchana, hata ya sekunde 3 tu kila moja, niandikie tena ukiambatanisha na kumbukumbu za kutripu za inveta zilizoathirika. Andika pia ni kituo kipi kilikuwa kinawalisha saa hiyo.